Kamua Maji Kwanza: Siagi ya Majani kwa Jiko la Dodoma

Ukienda soko la Majengo asubuhi, saa moja na nusu hivi, utaikuta giligilani imepangwa mafungumafungu juu ya gunia, mbichi, inang'aa. Muuzaji anachovya mkono kwenye kopo na kuinyunyizia maji kila baada ya dakika chache, kwa sababu hewa ya Dodoma ikilipata jani lililokatwa hailiachi. Nunua, ni giligilani nzuri. Ila ukifika nyumbani ukaikata na kuitia kwenye siagi vile vile ilivyo, umeitia na yale maji ya kopo, na siagi yenye maji haikai.

Nayasema haya kwa kuwa yamenikuta. Mara yangu ya kwanza nilikata majani yakiwa bado yanachuruzika, nikayakoroga ndani ya nusu kilo ya siagi, nikafunika bakuli. Siku hiyo ilikuwa tamu kweli. Siku ya tatu nilikuta kidimbwi cha maji ya kijani pembeni mwa bakuli, majani yamegeuka meusi, na harufu ni ya tambara lililosahauliwa ndani ya ndoo. Anayejua bei ya nusu kilo ya siagi ataelewa nilivyosikitika. Tangu hapo, kila hatua ya kazi hii najiuliza swali moja tu: hapa maji yameingia wapi, na nitayatoaje? Mji wetu hupata mvua ya milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili, na mwaka mzima tunahangaika kuyatafuta maji. Jikoni, kwa siagi, tunahangaika kuyatoa.

Siagi ya majani yenyewe ni kitu rahisi kueleza: siagi iliyolainishwa, ikachanganywa na majani mabichi ya viungo yaliyokatwakatwa, chumvi, pengine kitunguu saumu na ganda la ndimu, kisha ikagandishwa tena. Wafaransa wana ya kwao maarufu, ya pasili na limau, wanayoiweka juu ya nyama ya kuchoma. Huna haja ya kuifuata. Tuna majani yetu.

Nyumbani kwetu ni upande wa Chimwaga. Watu wa mbali hulijua jina hili kwa ule ukumbi wa mikutano mikuu ya CCM, ambamo Benjamin Mkapa aliteuliwa kugombea urais mwaka 1995, na ambao siku hizi ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Dodoma kilichoanzishwa mwaka 2007. Sisi tunaoishi huku tunalijua pia kwa upepo wake. Kuanzia Juni upepo huo unavuma, usiku baridi inashuka hadi nyuzi joto 14 au 13, na alfajiri hakuna asiyejifunika. Huo ndio msimu wa siagi. Ng'ombe bado wana maziwa kwa sababu majani ya mvua za masika hayajaisha kabisa porini, baridi inagandisha mafuta bila gharama, na giligilani haijaanza kukimbilia maua. Ukisubiri Oktoba, maziwa yamepungua na joto la mchana limepanda karibu na lile linaloyeyusha siagi. Siagi hulainika ikifika nyuzi ishirini na kitu, na ikifika 32 hadi 35 inakuwa mafuta. Kwa hiyo tengeneza nyingi mwezi Juni na Julai, ugandishe.

Unaweza kununua siagi dukani, na kwa mtu mwenye haraka hilo linatosha. Soma tu maandishi ya kwenye pakiti. Majarini ya kupaka mkate, ambayo wengi tunaiita siagi kwa mazoea, ni mafuta ya mimea; ukiitia majani utapata kitu cha kupaka, lakini ile harufu ya maziwa inayobeba harufu ya majani hutaipata. Siagi halisi, kwa viwango vinavyotumika duniani, ina mafuta yasiyopungua asilimia 80 na maji yasiyozidi asilimia 16. Chukua isiyo na chumvi, uitie chumvi mwenyewe.

Lakini kama una jirani anayefuga, ningependa ujaribu kuisuka mwenyewe angalau mara moja. Ng'ombe wa asili wa Ugogo, wale wafupi wenye nundu, hutoa maziwa kidogo, lakini ni mazito. Mafuta yake hufika asilimia 5 na wakati mwingine kupita. Ng'ombe wa kisasa mwenye mabaka meusi na meupe anajaza ndoo, ila mafuta ni asilimia 3 na nusu hivi. Kule Mpwapwa watafiti wa mifugo walichanganya damu ya ng'ombe wetu na ya Sahiwal, Red Sindhi na wengine, wakapata ng'ombe aitwaye Mpwapwa, wa maziwa na nyama, anayevumilia ukame. Ukiyapata maziwa ya ng'ombe wa namna hiyo, mshukuru aliyekuuzia.

Maziwa yachemshe. Hapa sibembelezi. Maziwa mabichi yanaweza kubeba bruselosisi, ule ugonjwa unaotupisha ng'ombe mimba na kumpa binadamu homa isiyokwisha na maumivu ya viungo, na yanaweza kubeba kifua kikuu cha ng'ombe. Siagi iliyosukwa kwa malai mabichi hubeba vilivyomo kwenye maziwa. Chemsha mpaka yapande, punguza moto, acha dakika chache, kisha mimina kwenye sufuria pana, funika kwa kitambaa safi na uache yapoe usiku kucha mahali penye ubaridi. Asubuhi utakuta malai yamejikunja juu kama shuka. Yaengue kwa upawa, uyahifadhi kwenye friji, na kesho yake fanya hivyo tena. Kwa lita kumi za maziwa mazito mimi hupata siagi ya gramu 300 hivi. Mafuta mengine hubaki kwenye maziwa, nayo tunayanywa. Usiku wa kabla ya kusuka, tia kijiko cha mtindi kwenye malai uliyokusanya uyaache yachachuke kidogo. Siagi ya malai yaliyochachuka ina ladha iliyokomaa, na husukika upesi zaidi.

Kusuka nilifundishwa na bibi mmoja wa upande wa Ntyuka. Nilimkuta uani na kibuyu mapajani.

"Mbukwenyi, bibi."

"Mbukwenyi. Umekuja kujifunza au umekuja na saa yako?"

Nilikuwa nimeshika simu, nataka kuhesabu dakika. Akaniambia niiweke chini. "Kibuyu kinasema chenyewe, mjukuu wangu. Wewe sikiliza."

Na kweli kinasema. Mwanzoni husikika mlio wa kimiminika kinachopiga ukuta huku na huku, chwa, chwa. Baada ya dakika kumi hivi mlio unazama, kibuyu kinakuwa kizito, unaposukasuka husikii kitu. Malai yamekuwa povu zito. Wengi huacha hapo wakidhani wameharibu. Endelea. Ghafla mlio unarudi, safari hii wa maji mepesi na ndani yake kitu kinachogonga, du, du. Hiyo ni siagi imejitenga. Ukifungua utaona punje za manjano, ndogo kama punje za mtama, zikielea kwenye mtindi mwepesi. Kama huna kibuyu, chupa ya plastiki yenye mdomo mpana inafaa, ila usiijaze kupita nusu, malai yapate nafasi ya kuruka. Na malai yawe ya baridi kiasi cha maji ya mtungi. Yakiwa ya joto utapata uji wa mafuta usioshikana, yakiwa ya baridi kali utasuka mpaka mkono ufe ganzi.

Mimina ule mtindi kwenye jagi, usiumwage, ni mzuri wa kunywa na wa kukandia unga wa maandazi. Punje za siagi zioshe kwa maji baridi yaliyochemshwa, ukimwaga na kutia mengine, mpaka maji yatoke maangavu kabisa. Ukiacha mtindi ndani, siagi itachacha. Halafu inakuja kazi ya mwiko. Weka bonge la siagi kwenye ubao, inua ubao upande mmoja, na uikandamize kwa mwiko wa mbao, ukiikunja na kuikandamiza tena. Utaona matone yanachomoza juu yake kama jasho kwenye paji la uso na kuteremka. Kunja, kandamiza. Nusu saa si nyingi. Siagi iliyokandwa vizuri ukiikata kwa kisu, uso wake ni mkavu. Isiyokandwa ina vishimo vyenye maji, na kila kishimo ni mlango wa kuoza.

Sasa majani. Bustani yangu ni ndoo kumi na mbili zilizotobolewa chini na viroba vitatu, vyote vimepangwa upande wa mashariki wa nyumba ambako jua la mchana haliviunguzi. Maji ya visima vingi vya hapa yana chumvi, na giligilani huanza kuungua kingo za majani ukiyatumia peke yake, kwa hiyo nachanganya na maji ya kuoshea mchele na mboga. Mbegu za giligilani nanunua kwa wauza viungo, zile zile za kutia kwenye pilau. Kila punje ni mbegu mbili zilizoshikana. Iviringishe chini ya chupa ipasuke katikati, loweka usiku mmoja, panda. Panda ndoo moja kila baada ya wiki tatu, kuanzia Mei. Joto likizidi inapiga maua na majani yake yanakuwa membamba na machungu, na hapo hakuna dawa ila kuacha izae mbegu. Nanaa ipe ndoo yake peke yake karibu na bomba, kwani ikichanganywa na wenzake inawameza. Mrehani unapenda jua na kuchumwa kila mara. Usiuchanganye na kivumbasi cha kufukuzia mbu. Ni ndugu, lakini kivumbasi kwenye siagi kina harufu kali inayofunika kila kitu. Vitunguu majani vinaota hata kwenye kopo: kata juu, acha mizizi, wiki mbili unakata tena.

Kama una nafasi ya mmea mmoja tu, panda rozimeri. Jani lake ni kama sindano, lina mafuta mengi na maji machache, na mti wenyewe ukishashika mizizi unastahimili kiangazi chetu kuliko wote. Chomeka kitawi cha urefu wa kiganja kwenye mchanga wenye unyevu, kivulini, usikiguse mwezi mmoja.

Chuma asubuhi, umande ukishakauka na kabla jua halijawa kali. Osha kama kuna vumbi, na huku kwetu vumbi halikosekani. Kisha tandaza majani juu ya taulo safi la jikoni, kivulini, mahali penye upepo. Dakika arobaini za upepo wa Chimwaga zinatosha kukausha majani ya nje bila kuyanyausha. Shika jani moja, libonyeze kwenye karatasi. Karatasi ikiloa, bado. Kata kwa kisu kikali. Usitwange kwenye kinu. Giligilani iliyotwangwa inamwaga maji yake yote ya ndani na kugeuka nyeusi, na kisu butu kinafanya kosa hilo hilo polepole. Rozimeri ikatekate iwe ndogo kabisa, isije ikamchoma mtu kwenye fizi.

Kwa siagi ya gramu 250 iliyolainika lakini haijayeyuka, tia vijiko vitatu vya chakula vya giligilani iliyokatwa, kijiko kimoja cha vitunguu majani sehemu ya kijani, kijiko cha chai cha rozimeri, chumvi kijiko cha chai kisichojaa, na ganda la ndimu moja lililokwaruzwa juu juu tu, rangi ya kijani bila ile nyeupe chungu. Maji ya ndimu acha. Ukitaka uchachu, kamulia ndimu mezani. Koroga kwa mwiko. Onja baada ya robo saa, kwa sababu chumvi huchelewa kusikika kwenye mafuta. Ukipenda ukali, tia pilipili mbuzi iliyotolewa mbegu. Sishauri majani ya aina zaidi ya nne kwa pamoja. Yanaanza kugombana na hujui tena unakula nini.

Kitunguu saumu kinahitaji neno lake. Kila mtu anakitaka, nami nakipenda. Lakini kitunguu saumu kibichi kikizikwa ndani ya mafuta, mahali pasipo na hewa, kinaweza kuotesha vijidudu vya botulizimu, ambavyo hutoa sumu inayopoozesha misuli, na chakula chenyewe huenda kisionyeshe dalili yoyote kwa macho wala kwa pua. Kwa hiyo siagi yenye kitunguu saumu isilale kabatini hata usiku mmoja. Ikae kwenye friji, iliwe ndani ya siku nne. Inayozidi igandishwe siku ile ile. Kukaanga kitunguu kwanza kunakipa utamu lakini hakuondoi hatari hiyo. Siagi ya majani bila kitunguu saumu nayo naila ndani ya wiki moja.

Kuihifadhi, iviringishe ndani ya karatasi ya kuokea iwe kama gogo la unene wa bomba la baiskeli, kaza ncha mbili kama pipi, andika tarehe, weka sehemu ya kugandishia. Itakaa miezi mitatu hadi minne na harufu yake. Unapohitaji unakata vipande vya duara, unarudisha iliyobaki.

Asiye na friji asikate tamaa, kwa sababu hewa kavu yetu ina kazi nyingine. Chukua vyungu viwili, kidogo kiingie ndani ya kikubwa, jaza mchanga katikati, mwagia maji mchanga asubuhi na jioni, funika kwa kitambaa kilicholoa. Maji yanapokauka kupitia udongo hubeba joto. Mwalimu mmoja wa Nigeria, Mohammed Bah Abba, alieneza vyungu hivi kaskazini mwa nchi yake na kupewa tuzo ya Rolex mwaka 2000. Kwenye hewa ya unyevunyevu kama ya Dar es Salaam havifanyi kazi sana, Dodoma vinafanya. Siagi ya kula leo na kesho inakaa humo bila kuyeyuka, mradi isiwe na kitunguu saumu.

Njia ya uhakika zaidi kwa nyumba isiyo na umeme ni kugeuza siagi kuwa samli ya majani. Waethiopia na Waeritrea ndio mabingwa. Yao inaitwa niter kibbeh, na ndani yake hutia majani ya nchi yao kama koseret na besobela, pamoja na uwatu, manjano, tangawizi na jamii ya iliki inayoota kwao. Mimi natumia nilivyo navyo. Nusu kilo ya siagi kwenye sufuria nzito, moto mdogo kabisa wa mkaa uliokwisha, kitunguu maji nusu, kipande cha tangawizi, punje chache za uwatu na iliki, na kishada cha mrehani. Sikiliza tena: siagi inapochemka inatatarika, huo ni mlio wa maji yakitoka. Mlio ukinyamaza, povu likapungua, na mashapo ya chini yakawa na rangi ya karanga zilizokaangwa, maji yamekwisha. Epua hapo hapo, chuja kwa kitambaa kikavu mara mbili ili pasibaki hata kijani kimoja, mimina kwenye chupa kavu kabisa. Inakaa miezi kabatini. Ila usichote kwa kijiko chenye maji.

Kuhusu kuila, sina masharti makubwa. Nyama ya mbuzi ikitoka motoni, weka kipande cha siagi juu yake, funika dakika mbili. Perege wa bwawa la Mtera aliyechanjwa chanjwa, mpake mwishoni kabla ya kumwepua, si mwanzoni, kwa sababu majani yanaungua na kuwa machungu. Mahindi ya kuchoma mwezi wa nne. Viazi vitamu vya kuchemsha. Boga. Kitu kimoja sikubali ni kuitia kwenye mlenda. Mlenda ukishapata karanga umekamilika, na anayeuongezea siagi anaupotezea ladha yake.

Bibi wa Ntyuka nilimpelekea gogo la kwanza lililofaulu. Alilionja kwa ncha ya ugali wa uwele, akakaa nalo mdomoni, akasema rozimeri inanuka kama dawa ya kuchua mgongo, lakini giligilani anaitaka. Sasa nikitengeneza, kwanza natenga yake: giligilani peke yake, chumvi kidogo kwa sababu ya presha, bila kitunguu saumu. Naipeleka asubuhi na mapema kwenye kikombe cha udongo kilichofunikwa, nifike kabla jua halijapanda juu ya vilima.